Mkono Uliofika Buswelu

Dorcas alikuwa akifunga mshipi wa kuvulia sangara mahali pa uzi wa kwanza wa gitaa, maana uzi wenyewe ulikatika zamani na dukani huuzwa seti nzima tu. Aliupitisha tunduni, akauzungusha mara tatu, akauvuta. Ncha za vidole vyake zilikuwa ngumu kwa sindano. Alishona sare za shule barazani kwao, Buswelu, na jioni hiyo cherehani ilikuwa imeshafunikwa.

Gitaa lilikuwa la baba yake, Venant. Miaka kumi na tisa iliyopita aliaga kwamba anakwenda Kisesa kupiga kwenye harusi, akachukua gitaa jipya, hili akaliacha ukutani. "Nikirudi kesho nitakufundisha," alimwambia Dorcas, aliyekuwa na miaka sita. Kisesa si mbali. Wauza mboga huenda na kurudi kabla ya saa nne asubuhi.

Mwaka huu alionekana kwenye simu. Alikuwa na mvi, ukuta mweupe nyuma yake, na watu elfu arobaini aliowafundisha gitaa bure. Kwa kuwa hupiga kwa mkono wa kushoto, Dorcas akimtazama alikuwa kama anayejitazama kwenye kioo: pua ileile, kichwa kimeinama vilevile.

Katika somo la tatu Dorcas alikosea, na Venant akakatisha maelezo.

"Wewe uliyekaa barazani, kidole cha pete kimelala," alisema. Kisha mkono wake ukatoka kwenye simu, ukakiinua kidole kile, ukarudi. Ulikuwa na joto na ulinukia sabuni ya kufulia. Tangu hapo ulikuja kila jioni, isipokuwa bando likiwa dogo. Siku hizo vilikuja vidole viwili tu.

Mama yake, Paskazia, hakutaka kuitazama simu. Alimwekea Venant kikombe cha chai ya tangawizi kando ya simu, akarudi kumenya viazi vitamu.

"Anakunywa?" aliuliza.

"Anakunywa."

"Bila sukari?"

"Hajalalamika, mama."

"Basi mwambie bati linavuja chumbani. Mkono umepata nauli, mwili umekosa!"

Dorcas alimwambia. Venant alijibu kwamba maswali yote yaandikwe chini ya video.

Jioni hii lilikuwa somo la F, mkao wa vidole ambapo kile cha shahada hubana nyuzi zote sita kwa pamoja. Mkono ulitoka, ukaupapasa ule mshipi.

"Huu ni wa sangara," Venant alisema. "Wa soko la samaki la Mwaloni. Utalegalega mpaka uzoee."

Dorcas aliona kwamba mtu anayeujua mshipi wa Mwaloni kwa kuugusa tu, hawezi kukosa kukijua kidole cha mwanawe. Akaacha kupiga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mimi ni Dorcas."

Mkono ulitulia juu ya wake. Venant alitazama mbele, palepale anapotazama siku zote.

"Karibu, Dorcas," alisema, "na wengine wote mliojiunga leo. Turudie tangu mwanzo."

Wakarudia. F ilikwaruza, mshipi ukalegea, Dorcas akaukaza, F ikakwaruza tena. Kila alipokosea mkono ulikikandamiza kidole chake, taratibu, bila kuchoka wala kukasirika hata mara moja. Jua lilipoingia nyuma ya mawe ya kilimani, ukarudi ndani ya simu.

Dorcas alilitundika gitaa juu ya cherehani. Mkia wa mshipi hakuukata, kwa kuwa ungelegea tena kufikia asubuhi na ingebidi aufunge upya.

Paskazia alikiinua kikombe, akakipindua. Halikudondoka hata tone.

"Kesho nitatia sukari," alisema. "Tuone kama atakataa."