Mkuku wa Watu Wawili

Mashua ilipanda mwamba mchana kweupe, maji yakiwa yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Hakukuwa na dhoruba wala ukungu. Mwamba wenyewe unajulikana, maana watoto wa gatini husimama juu yake wakivua samaki. Ilikuwa kama mtu kujigonga kwenye ukuta wa chumba alichozaliwa.

Ndani ya mashua walikuwamo ndugu wawili, na kila mmoja alishuka na hadithi yake. Mkubwa, ambaye mtaa mzima humwita Waziri kwa sababu anajua kuagiza kuliko kutenda, ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Alisema mdogo wake alichelewa kulegeza kamba ya tanga. Mdogo, Sindano, mwembamba wa mwili na mwenye maneno ya kuchoma, alisema kamba aliilegeza mapema sana, ila huwezi kukwepa mwamba ikiwa nahodha ameyapa maji mgongo anawapungia watu wa gatini kama bwana harusi.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Na ubaya ni kwamba waliishi nyumba moja, ile waliyoachiwa na mama yao. Waziri na familia yake walikaa vyumba vya mbele, Sindano na mkewe na watoto vyumba vya nyuma. Katikati, kwenye chumba chenye cherehani mlangoni, alikaa dada yao mkubwa. Huyu ndiye Redio. Jina hilo hakuliomba, lakini halikumkera pia. Alikuwa mjane, watoto wake wameshatawanyika kwenye ndoa zao, na raha yake duniani ilikuwa nyumba iliyojaa: vikombe visitoshe, watu wapange foleni ya bafuni, mmoja agombane na mwenzake kwa ajili ya ndoo.

Ndiyo maana moyo ulimpasuka siku Sindano alipokuja kusimama mlangoni pake.

"Dada, kuna tajiri wa malori ananitaka mji mwingine. Kazi na nyumba ya kukaa. Mashua ikipona, ikaenda majini kama zamani, mimi nabaki, tutaendelea kuvusha abiria. Isipoenda, nachukua mke na watoto naondoka. Siwezi kukaa hapa namtazama yule anakunywa chai."

"Si mkae chini muitengeneze, basi?"

"Natengeneza upande wangu. Wa kushoto. Wa kulia ni wake. Mwambie."

"Tangu lini mashua ikawa na upande wako?"

"Tangu alipoipandisha mwamba. Mwambie."

Redio akaenda vyumba vya mbele. Waziri alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akasema jambo hilo limekubaliwa.

Basi mashua ikavutwa uani, ikawekwa juu ya magogo karibu na kamba ya kuanikia nguo, na kazi ikaanza kwa namna ambayo hakuna fundi duniani aliyewahi kuiona. Asubuhi Waziri alitoka na patasi yake, akafanya kazi ubavu wa kulia, akapumzika sana, akaingia ndani. Jioni Sindano alirudi kutoka gereji alikofanya kibarua cha ufundi, akavua shati, akashughulikia ubavu wa kushoto. Kila mmoja alitoa mbao zake zilizopasuka, akapigilia mpya, akaziba nyufa kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Waziri alitumia mbao nyeupe. Sindano akatafuta nyekundu makusudi. Redio naye alikaa na cherehani katikati, akishona tanga lililochanika, kitambaa kimemfunika miguu mpaka barazani, na kila anayepita akimwuliza, "Dada, hiyo ni mashua moja au mbili?"

"Moja," alijibu. "Ila ina wazazi wawili."

Shida ilikuwa mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua unaopita chini, katikati, kutoka mbele hadi nyuma. Mwamba ulikuwa umeung'oa kipande. Kipande kipya kilichongwa, kikapachikwa, lakini mkuku hauna kushoto wala kulia. Ulikuwa wa wote wawili, na kitu cha namna hiyo kila mtu hukigusa na hakuna anayekijali.

Asubuhi moja Waziri aliinama, akachungulia, akanyanyuka uso umemwiva.

"Dada! Mwambie yule mpanda miamba mkuku umelalia kwake kama mlevi kwenye ukuta. Nimeusukuma. Asiuguse tena na zile nyundo zake za gerejini."

Sasa ni lazima ijulikane Redio alikuwa mtu wa namna gani. Wambeya wengine hutia chumvi. Yeye alitia sukari. Alichukua maneno makali mlango wa mbele, na mpaka afike mlango wa nyuma yalikuwa yameoga na kupakwa mafuta. Aliamini kabisa kwamba neno baya likifika kama lilivyo, nyumba itabomoka.

Kwa hiyo alimkuta Sindano jioni akamwambia, "Kaka yako amepita kuangalia upande wako. Anasema umependeza, hongera."

Sindano akashangaa. Akainama kuangalia kilichopendeza, akaona mkuku umesogezwa.

"Umependeza, halafu akauharibu! Mwambie huyo Waziri asiye na wizara, mkuku nimeurudisha nilipouweka. Akiugusa tena nitampigilia yeye misumari."

Asubuhi Redio akapeleka chai vyumba vya mbele. "Mdogo wako anakusalimu. Anasema kwenye mambo ya mkuku wewe ndiye mjuzi."

Waziri akavimba kichwa. Mjuzi akatoka nje, akausukuma mkuku kadiri ujuzi ulivyomtuma, akaongeza na msumari. Jioni mwenzake akaja, akausukuma kurudi. Hivyo hivyo, siku baada ya siku, na salamu nzuri zikipita katikati.

Jambo lililomchanganya Redio ni kwamba, kadiri alivyozidisha sukari, ndivyo wenyewe walivyozidi kuwa wachungu. Sindano alisikia gatini kwamba kaka yake anamsema ovyo mbele za watu. "Kwangu anatuma hongera, kwa watu ananitukana," alimwambia mkewe. "Huyu anauma na kupuliza." Waziri naye alisikia ya kwake. "Nyumbani mimi mjuzi, gerejini mimi bwege. Bora adui kuliko mnafiki." Redio aliyasikia yote mawili kupitia ukutani, akakaa kitandani na mkono shavuni. Asali ameweka yeye mwenyewe. Shubiri hii imetoka wapi?

Siku ya kuishusha mashua, mtaa mzima ulifika gatini. Wanaume waliisukuma juu ya magogo, ikaingia majini, ikaelea. Haikuvuja. Watu wakapiga makofi. Nyeupe kulia, nyekundu kushoto, tanga la Redio juu, lilipendeza ajabu.

Waziri akapanda peke yake, akaketi kwenye usukani, tanga likajaa upepo. Mashua ikaenda hatua chache, ikageuka kushoto. Akavuta usukani. Ikazidi kugeuka. Akauvuta mpaka akasimama juu ya benchi, lakini wapi. Ikazunguka, ikapita mbele ya watu, ikazunguka tena.

"Hiyo ni mashua au mbuzi wa kufungwa kamba?" akauliza Mama Mkaa, jirani muuza mkaa, na kicheko kikaenda kutoka gati mpaka barabarani.

"Nimesema siku zote hajui usukani," Sindano akasema kwa sauti, akipanda yeye. Alisukuma, akajaza tanga, akajitayarisha kuwaonyesha. Mashua ikageuka kushoto, ikazunguka. Mara ya tatu alipopita hakuwatazama watu usoni.

"Kumbe mbuzi ni yule yule!" Mama Mkaa akasema, akafuta machozi.

Hakuna aliyeelewa. Mmoja alisema upepo, mwingine tanga, na Redio akainua macho kwa hasira kutazama mishono yake. Waziri alitazama ubavu mwekundu, Sindano ubavu mweupe, na kila mmoja akaona kosa pale alipolitafuta. Mashua ikarudishwa uani.

Kesho yake mchana Sindano alipiga simu. Tajiri wa malori akajibu kwamba gari litakuja gatini kesho yake asubuhi, lichukue familia na mizigo yote hapo.

Redio akakimbilia mbele. "Kaka, anaondoka! Sema neno moja tu nimpelekee."

Waziri hakugeuka. "Mwambie aende. Mwambie ule mkuku aliupigilia kama mtu anayeua nyoka gizani. Mwambie mama angekuwa hai angemzaba kofi, halafu angenizaba na mimi kwa kumwachia."

Redio akapita uani taratibu, akitafuta namna ya kuyaosha maneno yale njiani. Kaka yako anakutakia safari njema. Kaka yako analia. Alipofika mlango wa nyuma alimkuta wifi yake ameinama, anaviringisha vikombe ndani ya nguo za watoto. Ukuta ulikuwa umebaki na misumari mitupu. Mkeka umesimamishwa pembeni. Sauti yake mwenyewe ya hodi ikamrudia, jinsi chumba kilivyokuwa kitupu.

Sukari ikakauka mdomoni.

"Kaka yako anasema uende," alimwambia Sindano. Kisha akasema yote kama yalivyo: nyoka, giza, kofi. Hata sauti aliiga, na kule kuzungumza akiwa amempa mtu mgongo.

Sindano akasimama. "Amesema hivyo? Huyu huyu aliyesema upande wangu umependeza?"

"Hajawahi kusema umependeza. Nilisema mimi."

"Nini?"

"Na wewe hujawahi kusema yeye mjuzi. Ulisema Waziri asiye na wizara, na kwamba utampigilia misumari. Sikuyafikisha."

Wifi akaacha kikombe kikaanguka. Hakikuvunjika, ila kilibingiria chumba kizima na wote watatu wakakisubiri kisimame.

"Na mkuku je? Hakusema neno kuhusu mkuku?"

"Alisema usiuguse. Mimi sikukuambia."

Sindano akatoka pekupeku mpaka uani penye mashua, akimwita kaka yake. Redio akaziba masikio. Sasa basi, alijisemea, ndiyo mwisho wa nyumba ya mama. Hata kwa masikio yaliyozibwa aliwasikia.

"Nyoka gani niliyemwua mimi?"

"Huyo hapo chini, umempinda mkia!"

"Nimeupinda mimi? Nani aliusukuma kila asubuhi?"

"Nilikuwa naurudisha katikati!"

"Katikati yako ni wapi, sebuleni kwako?"

Matusi yakatoka yote, ya mwezi huu na ya utotoni, pamoja na habari ya kiatu kilichopotea Sindano akiwa darasa la tatu. Redio alisubiri kipigo. Badala yake ikaja sauti ya Waziri: "Dada! Lete uzi! Mrefu!"

Akapeleka uzi wa cherehani. Waziri akaushikilia mbele ya mashua, Sindano nyuma, wakauvuta chini ya mkuku.

"Vuta!"

"Nimevuta, wewe ndiye umelegea!"

Uzi ukakaza. Kipande kipya kilikuwa kimeuacha uzi kwa upana wa vidole viwili. Misumari ya mmoja ilikuwa imelala huku, ya mwenzake imelala kule, mti ukasongwa katikati kama mtoto anayevutwa na wazazi wake mikono yote miwili. Wakautazama. Kisha wakaanza kubishana ni nani aliyeusukuma mara ya mwisho, na huku wanabishana mmoja akachukua nyundo na mwingine koleo. Mpaka jua linazama walikuwa wameng'oa kila msumari, wamenyoosha, wamefunga upya, na hawajapumzika kutukanana.

Redio hakuelewa. Alienda kumwuliza wifi kama ule ulikuwa ugomvi au upatanisho. Wifi akasema tangu aolewe kwenye ukoo huu hajawahi kujua tofauti, na akaendelea kufunga mizigo, maana hakuna aliyemwambia aache.

Asubuhi mashua ikashushwa tena, watu wachache sasa, na ndugu wote wawili wakapanda, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake atangulie. Lori likafika gatini wakiwa wameshaondoka. Wifi alikuwa amekaa juu ya furushi, watoto pembeni.

Dereva akashuka. "Mama, nimetumwa kumchukua fundi. Anakwenda au haendi?"

Redio alikuwa na majibu matano ulimini, yote matamu. Akayameza.

"Sijui," alisema. "Msubiri umuulize mwenyewe."

Mashua ilikwenda. Ikapita mwamba, ikaendelea mbele moja kwa moja, tanga limejaa. Sauti zao zilikuja juu ya maji, kubwa, zimechanganyika.

"Wanagombana au wanacheka?" akauliza Mama Mkaa.

Redio akatega sikio. Akalitega lile lingine. "Mwenzangu, sijui."

Waliporudi, Sindano aliruka gatini amelowa mpaka kiunoni. Akaliona lori, akalitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Fundi, tunakwenda?" dereva akauliza.

"Niende wapi? Nikimwachia huyu mashua, ataanza kuugusa ubavu wangu."

"Ubavu upi?" Waziri akajibu kutoka ndani. "Huu unaoingiza maji?"

"Maji yanaingilia kwako!"

Wakainama wote wawili kuyatafuta yanapoingilia, na wasionekane tena isipokuwa migongo. Dereva akamgeukia Redio.

"Sasa mimi nikamwambie nini tajiri?"

"Mwambie hivyo hivyo alivyosema."

Wifi akasimama, akajikung'uta gauni, akawatazama wote mmoja mmoja, kisha akamsukumia dereva furushi la vikombe kifuani.

"Basi kaka yangu, kwa kuwa gari umeshalileta, turudishie hii mizigo nyumbani."