Mwanamke Asiye na Jina

Nilikuwa nimening'inia kwenye dirisha la mbao, miguu haigusi chini, kola ya koti imenikaba, na watu mia mbili wa mtaa wetu wa Mbotela, Nairobi, wananitazama kimya wakidhani ndivyo mchezo ulivyoandikwa.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa sabini na saba, katika ukumbi wa mtaa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, na siku hiyo nilikuwa jasusi.

Ujasusi nilijifunza kwenye sinema. Mimi na rafiki yangu Phares hatukukosa filamu hata moja ya wapelelezi wa Kizungu. Mwanamume alishuka kwenye ndege inayoungua, suti haijakunjamana, akawapiga watu sita, kisha akanyoosha tai. Hakuogopa. Hakuuliza njia. Na wanawake! Kila filamu walikuwa wapya. Walimtazama mara moja wakalegea. Mmoja akapigwa risasi, mwingine akafungwa kamba, wa tatu akabaki kwenye boti akibusiwa mpaka taa zikawashwa. Majina yao tulikuwa tumeyasahau kabla ya kufika Jogoo Road.

Mimi niliyapokea yote kama Injili. Nikanunua koti jeusi soko la Gikomba, nikaacha kucheka, nikajifunza kuinua unyusi mmoja. Mama alipokuja kunitembelea kutoka Machakos, aliniuliza kama jino linanisumbua.

Basi Phares alipoandika mchezo wa jasusi kwa ajili ya kikundi chetu cha vijana, hapakuwa na ubishi kuhusu nani angekuwa shujaa. Mwanamke akawa Wacuka, binti wa fundi viatu wa jirani, aliyeshona maturubai ya malori kule Industrial Area. Nilikuwa nimempenda kwa miezi saba, na katika miezi hiyo nilikuwa nimemwambia maneno kama kumi hivi, yote kwa sauti nzito.

Siku ya kwanza ya mazoezi Wacuka alisoma karatasi yake, akaigeuza nyuma, akakuta tupu.

"Phares, huyu mwanamke anaitwa nani?"

"Hana jina. Ni Mrembo tu."

"Anafanya kazi gani?"

Phares akafikiri. "Anaokolewa."

"Hiyo ni kazi ya siku moja. Siku zingine je?"

Wenzetu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, lakini swali lile lilinifuata hadi nyumbani. Nilijaribu kumkumbuka hata mmoja wa wale wanawake wa sinema akienda kazini, au akimwandikia mamake barua. Sikumpata.

Siku ya mchezo Phares alimfunga Wacuka kitini, akakaza kamba kwelikweli. Nami nikatokea dirishani juu ya jukwaa, unyusi umeinuka. Nikakanyaga ubao. Ubao ukavunjika. Koti likanaswa na msumari, nikabaki hewani kama nguo iliyoanikwa.

Sinema hazikuwa zimenifundisha hili. Niliinua unyusi tena. Watu wakapiga makofi. Pumzi ikaanza kupungua. Pembeni nilimwona Phares akipekua karatasi zake kana kwamba dawa yangu imeandikwa humo.

"Wacuka," nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa nzito hata kidogo. "Nakufa. Nisaidie."

Alinitazama usoni, akajua si mchezo. Akapinda kifundo cha mkono, akavuta ncha moja ya kamba kwa vidole vilivyozoea maturubai, na fundo la Phares likafunguka. Akasukuma kiti chini ya dirisha, akapanda, akanikumbatia kiunoni, akaninyanyua kama gunia la viazi. Koti likararuka mgongoni. Akaniteremsha jukwaani polepole.

Mama Kavata, muuza mboga, akasimama mstari wa mbele. "Huyo ndiye jasusi! Mpeni koti!"

Ukumbi ukalipuka. Wacuka akanivua koti, akalivaa na mpasuko wake, akawageukia wenzetu wawili walioigiza majambazi. Wakainua mikono bila kuguswa.

Baadaye, nyuma ya ukumbi, Wacuka alinikagua shingo.

"Umeumia?"

"Kidogo. Ila mimi huogopa kupanda juu. Tangu utotoni."

"Na mbona hukusema?"

Nikafungua mdomo nimweleze jinsi mwanamume anavyopaswa kuwa, nikayasikia maneno yangu kabla hayajatoka, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

"Kumbe una meno," akasema Wacuka.

Tulienda kunywa chai kwenye hoteli ya karibu. Nikamweleza kuhusu stoo na panya wake, kuhusu baba yangu aliyechonga vinyago na ambaye sikumwona akilia hata tulipomzika dada yangu, kuhusu hofu yangu kwamba huenda nami ningekuwa hivyo. Nilisema mengi kuliko niliyosema mwaka mzima. Chai ikafanya utando. Mwenye hoteli akaanza kupindua viti juu ya meza, mhudumu akatufikia na ufagio.

Nikaanza kuinuka, nikidhani nimemchosha.

"Endelea," Wacuka akasema, akiinua miguu kupisha ufagio.