Mawe ya Mizani

Daktari alinipigia simu Jumatano saa nne asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya mizani ya gunia, akaniambia ile ya kwake namba tatu imeharibika. Nilifunga karakana kabla hajamaliza kuaga. Niambie kipara changu kinang'aa, nitacheka na wewe. Lakini mizani niliyoipima mwenyewe, mwezi haujaisha, uniambie imeharibika? Hapo sina dogo.

Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Nimewakamata wauza nyama waliogandisha sumaku chini ya sinia. Nimemkamata muuza viazi aliyekuwa akisukuma kwa goti, mzee mzima, anasalimia wateja huku goti linafanya kazi. Gramu hamsini hazinipiti. Sasa mtu wa vitabu ndiye anifundishe kazi!

Daktari huyo ni mtafiti. Anachunguza jinsi vijana wanavyokula, na yanayowasumbua kichwani mpaka wengine wanaona sahani ya chakula ni adui. Kila Jumanne darasa zima la shule ya jirani linakwenda kituoni kwake, wanajaza dodoso, wanapimwa, wanarudi masomoni. Majina hayaandikwi, kila mtoto ana namba yake anayoijua yeye na daktari tu. Binti yangu naye yumo. Mama yake alitia saini ya ruhusa, mimi nikatia saini ya kutunza mizani, nikamtania mke wangu kwamba sasa tumeajiriwa ukoo mzima.

Chumba cha kupimia ni kidogo: pazia la kijani, kiti, mizani, na daktari mwenyewe akiwa amekunja mikono. Sikusalimia vizuri. Nilipandisha mawe yangu ya kazi, la kilo tano, la kumi, la ishirini. Namba zikatoka kama zilivyotakiwa kutoka. Nikarudia. Zikatoka zilezile.

"Umeridhika?" nikamuuliza.

Hakubishana. Alinisogezea karatasi. "Fundi, tazama mtoto namba arobaini na moja. Wiki saba, uzito uleule. Haupandi, haushuki, hata gramu mia."

"Na wengine?"

"Wengine wanapanda na kushuka."

"Basi mizani ni nzima. Ikikwama inakwama kwa wote, haichagui mtu."

"Mimi nina macho," alisema, na sauti yake ikapungua. "Huyu mtoto sketi inamning'inia. Akiinua mkono naona mifupa. Macho yananiambia anakwisha, karatasi inaniambia hajambo. Nimemuuliza mara mbili, ananijibu vizuri kuliko ninavyouliza. Mtoto akipungua kwa kasi tunamwita mzazi, analazwa siku hiyohiyo, kwa sababu kwa watoto wa namna hii moyo unaweza kusimama bila kupiga hodi. Lakini nimwite mzazi nimwonyeshe nini? Karatasi hii?"

Nilikaa, nikasimama. Nikaichukua ile karatasi, nikairudisha. Kilichoniudhi ni kwamba alikuwa na hoja. Mwili wa mtu hautulii. Ukinywa maji umepanda, ukitoka jasho umeshuka, asubuhi si jioni. Miaka ishirini na sita sijaona mtu anayesoma namba moja wiki saba. Jiwe la mizani ndilo linalotulia hivyo.

"Nakuletea sanduku kuu," nikamwambia. "Tumalize ubishi."

Sanduku kuu ni mawe ya shaba yaliyopigwa muhuri na ofisi ya vipimo. Hayo hayafanyi kazi za kila siku. Yanakaa juu ya kabati chumbani kwetu, na hufunguliwa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, kuyahakiki yale ya kazini. Nilifika nyumbani kwangu natweta. Mke wangu alikuwa kazini, mtoto shuleni, nyumba kimya. Nikapanda kiti, nikalivuta sanduku, na kabla sijalifungua mikono ilishajua. Lilikuwa jepesi.

Ndani kuna kitambaa chekundu chenye mashimo, kila jiwe na shimo lake. Manne yalikuwa matupu. La kilo mbili, la kilo moja, la nusu kilo, la gramu mia mbili.

Kwanza niliwaza mwizi. Niliangalia dirisha, niliangalia kufuli, nilimtukana fundi bomba aliyekuja mwezi uliopita, maskini ya Mungu. Nilizunguka chumba kile mara sijui ngapi. Lakini mwizi gani anaacha la kilo tano anachukua la gramu mia mbili? Na nani anayejua kwamba sitalifungua mpaka Desemba?

Ndipo nikakaa kitandani.

Binti yangu tunamwita Kibonge. Alizaliwa na mashavu, jina likamganda. Likizo zote amezimaliza karakanani kwangu, anajua mizani kuliko vijana wengi niliowafundisha. Na kwa wiki saba sasa, kila Jumanne alfajiri kabla ya shule, alikuwa akija kunifagilia karakana. Nilijisifu kwa majirani! Nilisema wenzenu tumezaa. Kumbe alikuwa anapanda kwenye mizani yangu ya majaribio, anaona amepungua kiasi gani tangu wiki ya kwanza, anachukua mawe yanayolingana na upungufu, anayaficha ndani ya nguo, anakwenda kupimwa.

Nilijumlisha yale mashimo. Kilo tatu na gramu mia saba. Zilitoka mezani kwangu, mbele ya macho yangu, chakula cha jioni baada ya chakula cha jioni. Yeye ndiye aliyekuwa akipakua. Alikuwa akiongea sana, anatuchekesha, anasogeza sahani, anaondoa vyombo kabla hatujamaliza. Mimi na jicho langu la gramu hamsini nilikuwa nacheka.

Alirudi saa tisa. Nilikuwa nimekaa kitandani, sanduku wazi pembeni. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani, akaliangalia, akaniangalia.

"Nilijua utalifungua Desemba," alisema.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, makali. Niliuliza hili tu: "Ulipanga kufika Desemba hivi?"

"Nilipanga kuyarudisha, baba."

"Lini?"

"Nikishafika."

"Ufike wapi, mwanangu?"

Aliliangalia sanduku kana kwamba jibu limo humo. Nikaona hajui. Aliyepanga kila kitu mpaka gramu ya mwisho alikuwa hajui anakwenda wapi, na hilo lilinitisha kuliko yale mashimo.

"Wewe mwenyewe ulisema nimependeza," akasema. "Mbele ya shangazi. Ulisema, siku hizi Kibonge amepata umbo."

Nilikumbuka. Nilisema. Tena nilisema kwa kujivuna, na watu wakapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Twende kwa daktari," nikamwambia.

"Baba, usinifanyie hivyo. Nipe wiki mbili. Nitakula, naapa. Watanilaza, shule nzima itajua. Wiki mbili tu." Alinipigia magoti. Mtoto aliyekuwa akiruka ngazi tatu kwa mpigo alipiga magoti polepole, ameshika kitasa cha mlango, kama mtu wa miaka sabini.

Sitadanganya, nilisita. Nilifikiria kweli zile wiki mbili. Nilifikiria kulifunga sanduku, kumrudia daktari na kumwambia mizani ilikwama, nimeitengeneza. Neno langu lingetosha, kwani nani angebisha? Halafu akataka kunyanyuka kutoka pale chini, akashindwa, akanipa mkono nimvute. Nilimvuta kwa nguvu niliyozoea kumvutia, akanyanyuka kupita kiasi, karibu tuanguke wote wawili.

"Chukua sweta," nikamwambia. "Tunakwenda sasa hivi."

Njiani nilimpigia mama yake simu, nikamweleza nusu, nusu nyingine ikanishinda. Yeye alikuwa mbali kidogo, akasema anakuja.

Daktari alipotuona mlangoni hakuuliza habari za mizani. Alimwangalia binti yangu, akaniangalia mimi na sanduku langu lenye mashimo matupu, akavuta pazia. "Karibu, mama," alimwambia, kwa upole mpaka nikamsamehe yote. "Toa tulivyobeba, tuanze upya."

Binti yangu alikuwa amekuja na yale mawe yote mkobani. Aliyatoa moja moja na kuyapanga mezani, na kila moja lilikuwa limefungwa kwenye kitambaa laini, safi, kilichopigwa pasi. Jiwe la mizani halishikwi kwa mkono mtupu, jasho la kidole huliongezea uzito. Hilo nilimfundisha mimi akiwa na miaka saba. Wiki zote hizo alikuwa anafuta mwili wake mwenyewe, na bado hakutaka kuniharibia mawe.

Daktari alimpandisha kwenye mizani akiwa amegeuka, mgongo kwenye kioo cha namba, uso kwetu. "Hapa mtoto hasomi namba," alinieleza. "Na hatumtajii. Namba ndiyo inayomtesa."

Namba ikatoka. Niliisoma kabla sijajizuia, kwa sababu macho yangu hayajui kazi nyingine. Sitaiandika. Daktari naye aliisoma, akanyanyua simu ya ukutani, akaomba kiti cha magurudumu na kipimo cha moyo, haraka.

"Baba, ngapi?" binti yangu akaniuliza.

"Sikuona."

"Baba, niambie. Ngapi?"

Maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza namba nikamnyima. Hata wale wauza nyama niliwasomea namba yao kabla ya kuwapeleka mbele ya sheria. Nilisikia magurudumu yakija kwenye korido.

"Sikuona, mwanangu. Miwani nimeisahau nyumbani."

Aliniangalia ile miwani usoni.

"Muongo wewe, baba," akasema, akashuka, akaniegemea kifuani na kulia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa amekibeba kwa wiki zote saba.

"Ndiyo," nikamwambia. Nikamshika hivyohivyo mpaka kiti kilipofika, nikamkalisha mwenyewe, nikashika mpini wa kukisukuma, na muuguzi aliponiomba nimpishe nilikataa.