Kinanda Kisichovuta Pumzi

"Ukiigusa kamba hiyo, Nestory, nitakukata vidole!"

"Dada, hakiendi. Kikienda hivi, kesho tutaaibika."

"Tutaaibika tusipokipeleka! Askofu anakuja kukibariki. Unataka abariki benchi tupu?"

Deodatha aliikaza kamba. Kinanda cha kanisa la Nyabiyonza kilikuwa tayari juu ya pikapu, na Eliud, dereva, alikuwa ameshawasha gari. Kaisho nzima ilijua kwamba ndugu hao wawili huunda vinanda vya kidijitali kwenye chumba cha nyuma, kando ya migomba ya marehemu baba yao. Deodatha, mwenye stashahada ya umeme, huunga nyaya. Mdogo wake huandika programu. Na kila kazi ikiisha, Nestory huona cha kuboresha. Mara apunguze mwangwi, kwa kuwa chini ya bati maneno yanavurugana. Mara kinanda kistahimili umeme unaopanda na kushuka. Deodatha hugomba, kisha husikiliza, na moyoni hukiri kimekuwa kizuri zaidi. Hamwambii. Atavimba kichwa.

Juzi kwaya ya Nyabiyonza ilikuja kukijaribu, ikachelewa kuingia kila ubeti. Deodatha aliwaambia waziwazi waache uvivu.

"Si uvivu," alisema Nestory. "Jana nimekwenda kwao kukisikiliza tena kile chao cha zamani, cha kukanyaga. Kabla ya ubeti mpigaji anakanyaga kwa nguvu, mvukuto unavuta upepo: hhhaa! Hapo ndipo wote wanavuta pumzi. Hawana wa kuwapungia mkono. Mimi niliporekodi sauti zake nikaufuta mlio huo, nikidhani ni uchafu."

"Kwa hiyo watu wazima wanangoja kinanda kikohoe?"

Nestory aliweka kompyuta juu ya boneti, akachomeka spika ndogo, akabonyeza. Hhhaa. Kabla sauti ya kwanza haijatoka, kifua cha Deodatha kilikuwa kimejaa na mdomo uko wazi. Kutoka kwenye usukani, Eliud alikuwa tayari anaimba.

"Mama Joanitha," Eliud alimwambia Deodatha akicheka, "hata mimi nimeingia!"

Deodatha aliufunga mdomo wake. "Kitajuaje ubeti umeisha? Kisije kikahema katikati ya jina la Bwana."

"Mpigaji akimaliza ubeti huinua vidole vyote, akatulia kidogo. Nimepima utulivu huo. Kinanda kitausubiri."

Alimtazama mdogo wake, macho mekundu, shati lile lile la jana. Nani mwingine angekaa kupima jinsi wazee wa Nyabiyonza wanavyovuta pumzi?

"Tutamaliza leo?"

"Ukinisaidia."

"Una akili za kuudhi, mtoto wa mama yangu. Lakini ni akili." Akageuka. "Zima gari, Eliud. Tutaondoka jioni."

Hakungoja kinanda kishushwe. Deodatha alipanda nyuma ya pikapu, akakata kamba, akapiga magoti na kuanza kulegeza skrubu za kifuniko.