Mpira Ambao Yosbel Hakuukwepa

Mgeni akipita bustani ya mji saa kumi jioni anaweza kudhani kuna watu wanataka kuuana. Wanaume wamesimama kifua kwa kifua, mishipa ya shingo imewatoka, vidole viko puani kwa wenzao. Polisi wa zamu hageuzi hata shingo. Ile ni Kona ya Moto, na pale haliuliwi ila jina la mtu, tena kwa ajili ya besiboli tu.

Alhamisi hiyo moto ulikuwa mkali kuliko kawaida. Wachoma Mkaa, timu ya mkoa, walikuwa wamebakiza mechi moja, Jumamosi, nyumbani. Wakishinda wanaingia hatua ya mtoano, jambo ambalo vijana wa mji ule wamelisikia kwa wazazi wao tu. Wakishindwa, wakalime muhogo.

"Nasema na narudia," alisema Basilio, dereva wa treni mstaafu, ambaye sauti yake ilizoea kushindana na injini. "Yosbel asipige wa nne. Wa nne kazi yake ni kuwarudisha nyumbani wenzake walioko kwenye vituo, na huyu tangu Februari hajarudisha hata paka. Nafasi apewe Keniel."

"Keniel? Yule mtoto?" Orestes, fundi viatu, alicheka kwa dharau. "Yule bado ananyonya. Mpira wa kupinda ukitoka nje anaukimbilia kama mbwa na baiskeli."

"Ananyonya, lakini akiugonga hauonekani tena."

"Akiugonga. Umesema vizuri, akiugonga. Basilio, ndugu yangu, hii ni mechi ya watu wazima. Hukumwona Yosbel Jumapili? Mpira umemjia kichwani kama risasi, na hakupepesa. Umempiga kwenye kofia ngumu, kaanguka, kainuka, kajipangusa, kaenda zake kituo cha kwanza. Hakuukwepa, unanisikia? Mwanaume wa namna hiyo unamweka benchi?"

Wiki nzima mji ulikuwa hauna habari nyingine. Watoto shuleni walicheza kuwa Yosbel, wakasimama wima na kurushiana mipira ya matambara usoni.

Macho yote yakamgeukia Migdalia, mama yake Yosbel, aliyekaa mwisho wa benchi na kikombe chake cha kahawa. Kona ya Moto haikuwa na heshima ya undugu. Ukikaa pale, mwanao anasemwa mbele yako, nawe unajibu kwa hoja au unafunga mdomo. Migdalia alikuwa akijibu kwa hoja tangu enzi za kiwanda cha sukari, na wanaume wengi pale walikuwa wamewahi kwenda nyumbani wamenuna kwa ajili yake. Leo aliinuka tu.

"Kahawa imepoa," alisema, akaondoka.

"Umeona sasa?" Orestes alimkemea Basilio. "Umemuumiza mama wa watu."

Basilio hakuwa amemuumiza. Kilichomuumiza Migdalia ni zile sifa. Jumapili ile alikuwa uwanjani, karibu na wavu, na aliona kitu ambacho mji mzima ulikitazama usikione. Hakuna mtu asiyekwepa. Kuku anakwepa, mlevi anakwepa. Na Yosbel ndiye mtoto aliyekuwa mwepesi kuliko wote mtaani. Yeye mwenyewe alimrushia ndala miaka yote ya utoto wake na hakumpata hata mara moja. Mtu wa hivyo hasimami kama nguzo mpira unapomjia kichwani, labda kama hauoni.

Alimkuta nyumbani anakula wali na maharage, nusu ya mwili wake ikiwa nje ya kiti, maana kiti chochote kwake kilikuwa kidogo. Migdalia alipita nyuma yake, akachukua pera kwenye bakuli, akasimama upande wake wa kushoto. Akalirusha.

Pera lilimpiga shavuni, likadondoka kwenye sahani. Yosbel aliruka kama aliyeungua. Kisha akamwona mama yake amesimama pale, akaelewa, akakaa tena polepole.

"Tangu lini?" aliuliza Migdalia.

"Tangu nini?"

"Usinichezee, Yosbel."

Alitafuna kwanza, akameza. "Tangu mwaka mpya. La kushoto. Ni kama mtu katundika pazia."

Migdalia aliketi. Anayepiga kwa mkono wa kulia humwelekezea mrushaji jicho la kushoto. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu.

"Kocha anajua?"

"Hajui mtu. Na mama, hatajua mtu. Ni mechi moja tu. Miaka yote nimeichezea timu hii, hatujawahi kufika mtoano hata siku moja. Tukifika nitasema mwenyewe, nitavua jezi, yatakwisha."

"Na wakikurushia tena kichwani?"

"Hawatarusha."

"Ule wa Jumapili uliuona?"

Yosbel alisukuma sahani mbele. "Niliusikia," alisema.

Migdalia aliogopa, na kwake hofu ilitoka kama hasira. "Kesho kocha anakuja bustanini, nawe utakuwa naye. Ukisema wewe, mimi nitanyamaza kama jiwe. Usiposema, nasema mimi."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Ukifanya hivyo sina mama."

"Utakosa mama," alisema Migdalia, "lakini kichwa utakuwa nacho."

Angeweza kumfuata kocha nyumbani kwake kimyakimya, na usiku kucha aliliwaza hilo. Lakini kocha huyo, Arsenio, alikuwa amecheza na Yosbel tangu ujana wao na alimpenda kama mdogo wake. Faraghani Yosbel angekana, wangecheka, wangefungua bia, na Jumamosi angepiga wa nne. Kinachosemwa Kona ya Moto hakirudishwi mfukoni. Kulipokucha alikuwa ameshaamua, na hakulifikiria tena.

Ijumaa kocha alikuja kama desturi yake kabla ya mechi kubwa, akasimama katikati ya kelele na kuiacha imwoshe. Yosbel alikuwa nyuma yake, nahodha, na watu walimpigapiga mabega mpaka shati likachafuka. Basilio alimaliza hoja yake ya Keniel, akazomewa. Kocha akainua mkono.

"Nafasi ya nne ni ya nahodha," alisema. "Ninyi mnataka mtu wa namba. Mimi nataka mtu asiyeogopa."

Makofi yalipigwa mpaka njiwa wakahama. Migdalia alimtazama mwanawe, akamngoja. Yosbel alitazama viatu vyake. Mama alingoja mpaka makofi yakaisha kabisa, mpaka ikawa wazi kwamba hatasema, kisha akasimama.

"Kocha, jicho lake la kushoto halioni. Ule mpira hakukataa kuukwepa. Hakuuona."

Hakuna aliyecheka. Orestes alisema kwa sauti ndogo, "Dada Migdalia, haya ni maneno gani?"

"Mama ana hofu," Yosbel alisema, akijitahidi kutabasamu. "Mnawajua kina mama."

"Mfunike la kulia," Migdalia alimwambia kocha. "Mfunike, umwonyeshe vidole. Kama nasema uongo, nizomeeni mpaka nife."

Arsenio alisita, kisha akainua mkono kuelekea uso wa rafiki yake. Yosbel alirudi nyuma hatua moja kabla mkono haujamfika. Hapo kila mtu alijua. Akapenya katikati ya watu akaenda zake, na safari hii hakuna aliyemgusa bega.

Basilio, aliyekuwa ameshinda ubishi wake, alivua kofia. "Wiki nzima tumemshangilia," Orestes alisema. "Na ule mpira ungemuua."

Jumamosi majirani walimshauri Migdalia abaki nyumbani asikilize mechi redioni. Mji ulikuwa umegawanyika, na nusu moja ilimwita mwanamke aliyemuuza mwanawe. Yosbel hakulala nyumbani. Migdalia alivaa gauni lake la mechi, akaenda kukaa pale pale anapokaa siku zote, karibu na wavu.

Kocha hakumvua Yosbel jezi. Alimweka kando ya kituo cha kwanza, mahali anaposimama mtu wa kuwaelekeza wakimbiaji. Alisimama pale amekunja mikono, na hakuangalia upande wa mama yake hata kidogo. Keniel alipiga wa nne. Mara ya kwanza alikosa mipira yote mitatu. Mara ya pili vilevile, yote ya kupinda, yote ya nje. Mwanaume mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi, sasa shuka ukapige wewe."

"Nipe hilo gongo la kupigia," Migdalia alijibu bila kugeuka.

Ikafika zamu ya mwisho. Wachoma Mkaa walikuwa nyuma kwa pointi moja, wenzao wawili wakiwa vituoni, na aliyebaki wa kuwaokoa ni Keniel. Mpira wa kwanza wa kupinda, akaufuata, akakosa. Wa pili, akakosa. Uwanja ulianza kuliita jina la Yosbel. Uliliita kwa nguvu, na Migdalia alikaa ndani ya kelele ile, mikono mapajani, akiwa tayari kuchukiwa maisha yake yote.

Yosbel aliomba mchezo usimame. Alitoka kando ya kituo chake, akavuka uwanja taratibu, akamwinamia Keniel sikioni. Aliongea kidogo tu. Kisha kwa ncha ya kiatu akausukuma mguu wa kijana karibu zaidi na kituo cha nyumbani, pale mipira ilipokuwa inapita, akarudi alikotoka.

Mpira ulikuja ule ule, wa kupinda, wa nje. Lakini sasa nje ilikuwa karibu. Keniel aliugonga ukapita katikati ya walinzi wawili wa nyuma, ukagonga ukuta, na wakimbiaji wote wawili wakafika nyumbani wakibingirika vumbini. Watu walimwagika uwanjani. Yule mwanaume wa nyuma alimkumbatia Migdalia huku akilia kama mtoto, akisahau alichokuwa amesema.

Muda mrefu baadaye Yosbel alikuja kwenye wavu. Alilazimika kugeuza uso wote ili amwone mama yake vizuri, na mbele yake hakujali tena kuficha.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Usidhani kwa sababu tumeshinda."

"Hata tungeshindwa ningesema."

Alishika wavu kwa vidole. Nyuma yake walikuwa wamembeba Keniel juu juu. "Hospitali ya macho Jumatatu wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili. Tutoke saa kumi na mbili, kuna foleni."

"Sitaki uongee njiani."

"Sitaongea," alisema Migdalia, na wote wawili walijua kwamba ataongea.