Kitanda cha Kutandikiwa

Kamau alimwaga mtama kwenye kuku wengi. Ilikuwa Jumapili mchana, watu wa fellowship ya kanisa wamejaa sebuleni kwa mwenzao Gakii huko ughaibuni, Richardson, sahani za pilau mapajani, naye akatangaza kwa kicheko kwamba ile hoteli ya Kyoto ameifuta.

"Mnajua Mama Sheldon alikuwa ame-book wapi? Nyumba ya mbao ya zamani, watu wanalala chini kwa mkeka! Mimi nililala kwa mkeka Murang'a hadi form four. Siwezi panda ndege masaa kumi na tatu nikalale chini tena. Nime-cancel. Nimetupatia capsule hotel, kitu modern."

Watu wakaangua kicheko. Jerioth mkewe, ambaye ndiye huyo Mama Sheldon, hakucheka. Aliweka sahani chini.

Heri Kamau angevunja vyombo vyote vya harusi! Jerioth alikuwa nesi miaka kumi na minane. Amegeuza wagonjwa, amewaogesha, amewatandikia mashuka makavu, kisha akarudi nyumbani na kutandika kitanda alichokiacha Kamau kama kiota cha kuku. Hakuna aliyewahi kumtandikia yeye. Ndiyo maana alipoona picha ya ile nyumba ya wageni, mama wa makamo amepiga magoti akimnyooshea mgeni godoro, na pembeni beseni kubwa la mbao likifuka mvuke, alisema moyoni: huko. Ya sakafu hakuyajali. Safari hiyo ya kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa aliingoja tangu Krismasi, na sasa ni Septemba. Mtu akaifuta kwa kidole tu! Kuuliza si ujinga, na mke si mzigo wa kupakiwa kwenye ndege.

"Unaninunia juu ya mkeka?" Kamau aliuliza garini.

"Si mkeka, Baba Sheldon. Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Kumbe ulijua!"

Walipofika nyumbani, Jerioth alifungua simu aione hiyo capsule. Visanduku vya kulala vimepangwa viwili viwili, kimoja juu ya kingine, na mgeni anaingia kwa kutambaa. Akaendelea kusoma, akafika chini kabisa, pale ambapo Kamau hakujisumbua kufika. Wanaume ghorofa ya tatu. Wanawake ghorofa ya sita. Hakuna kutembeleana.

Miaka ishirini ya ndoa, na mume amewapangia kulala mbalimbali! Akaitafuta upya ile nyumba ya mbao. Kwa tarehe zao kilibaki chumba kimoja, kidogo, cha mtu mmoja. Hakusita hata kidogo. Akabonyeza, kisha akamnyooshea Kamau simu asome habari za ghorofa.

Kamau alivaa miwani. Akasoma, akarudia.

"Ai! Hiyo sikuona. Basi turudie ile ya mkeka."

"Ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Nimeichukua."

"Na mimi?"

"Si una ghorofa ya tatu?"

Asubuhi Jerioth alivaa sare ya kazi, akapita kando ya kitanda kilichovurugika, asikiguse. Alikuwa ameshika funguo za gari Kamau alipomwita kutoka chumbani.

"Mama Sheldon! Hii shuka ya chini inashikanishwa aje?"

"Leo ndiyo umejua kuuliza," akasema, akafunga mlango.