Gobore la Doyle

Arvil Ledford alikuwa fundi wa magobore, na kwa ukaidi hakuwa na mpinzani bonde zima la Rich Laurel, isipokuwa labda mdogo wake Doyle. Ndiyo maana ndugu hao waliweza kuishi miaka ishirini na miwili, mmoja ng'ambo hii ya kijito na mwenzake ng'ambo ile, bila kupeana hata habari za asubuhi.

Chanzo kilikuwa uzi. Kwenye mashindano yetu ya shabaha kila mtu hupiga risasi kumi, kisha mpimaji anachukua uzi na kupima kutoka katikati ya ubao mpaka kila tundu, akiunganisha. Mwenye uzi mfupi ndiye mshindi. Mwaka ule mpimaji alikuwa Arvil, na Doyle alikuwa amepiga vizuri kuliko siku zote. Arvil akaogopa watu watasema kambeba ndugu yake. Ulipofika ubao wa Doyle akaulegeza uzi, kidogo tu, unene wa ukucha kwa kila tundu, na paja la ng'ombe, ndiyo zawadi ya mshindi, likaenda kwa mtu wa bonde la pili. Doyle akamwita mwongo mbele ya watu. Arvil akamwambia ajifunze kushindwa kiume. Na alijua, tangu dakika ile, kwamba mwongo kweli ni yeye.

Siku hizo alikuwa anamtengenezea Doyle gobore. Mtutu alikuwa ameshautoboa na kuuchimba mifereji yake ya ndani. Kitako kilikuwa bado ubao tu, wa mti mgumu wenye mawimbi mazuri. Alivipandisha vyote juu ya boriti za karakana, akaviachia vumbi.

Vuli iliyopita mkewe Oleta alirudi kanisani na habari.

"Doyle mapafu yamekwisha. Ni lile vumbi la kiwandani. Daktari kasema hafiki baridi nyingine."

"Nani kakwambia?"

"Nell, mkewe mwenyewe. Nenda ukamwone, Arvil."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Nikimaliza bunduki yake."

"Mungu wangu! Mtu anakufa, wewe unatafuta tupa?"

Lakini kwetu ndivyo tulivyo. Mtu haombi radhi mikono mitupu. Anapeleka kuni, au bega la nguruwe, au chupa ya maharage, anaweka barazani na kusema naona mvua inakuja. Mwenzake anasema ndiyo, inaelekea. Basi, yamekwisha. Arvil aliona mambo ya miaka ishirini na miwili hayamalizwi kwa maharage. Alikata shauri kwamba atamwekea Doyle bunduki mikononi, halafu aseme kwa mdomo wake: ulishinda wewe. Maneno mawili. Bila bunduki asingeweza hata kuyaanza.

Akaiteremsha. Alipaka mtutu masizi ya taa, akaulaza juu ya ubao, akauinua, akachonga pale tu palipoachwa alama nyeusi. Akarudia hivyo wiki tatu, mpaka chuma kikalala ndani ya mti bila mwanya wa kupitisha unywele. Urefu wa kitako aliufuata kwenye kijiti cha zamani, alichokikata kwa kupima mkono wa Doyle kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole cha kufyatulia. Oleta alimwambia avuke akapime upya.

"Mkono wa mtu mzima hauongezeki," Arvil akasema.

"Na haupungui?"

Akajifanya anatafuta patasi.

Kufikia Februari gobore lilikuwa tayari, limejaribiwa na linalia. Mtu mwenye akili angelibeba siku hiyohiyo. Yeye akaliona maskini, halina urembo. Akatengeneza kisanduku cha shaba chenye kifuniko ubavuni mwa kitako. Kisha akaona shaba peke yake haitoshi, akatia vipande vya fedha. Kisha akaanza kuchora majani kwenye ile fedha, jani moja moja, kwa nyundo ndogo. Watu husema fundi alitaka kazi yake iwe nzuri. Mimi nasema wazi: alikuwa anaogopa, na majani yale ndiyo yaliyokuwa uoga wake.

Mei alivuka daraja. Nell ndiye aliyefungua mlango.

"Karibu, shemeji. Kumbe daraja unalijua?"

Doyle alikuwa kwenye kiti dirishani, mpira wa oksijeni puani. Arvil alimtafuta mdogo wake ndani ya shati lile na karibu amkose. Roho ilimuuma vibaya sana.

"Umezeeka, kaka," Doyle akasema. "Na sura yenyewe hukuwa nayo tangu zamani."

"Wewe je? Umebaki masikio."

Doyle akacheka, akakohoa mpaka Nell akamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Nilikuwa naisikia tupa yako. Tangu Oktoba. Kila asubuhi namwambia Nell fungua dirisha, Arvil kaliteremsha gobore langu."

"Ulikuwa unasikia?"

"Februari nikasikia umelipiga. Nikanyoa ndevu, nikavaa shati la kanisani, nikasema leo anakuja. Wakati huo nilikuwa bado natembea mpaka barazani. Halafu nikaanza kusikia nyundo, ti, ti, ti. Nikamwambia Nell, ole wangu, jamaa anatia urembo."

Arvil akamwekea bunduki mikononi. Doyle akapapasa shaba, akapapasa fedha, akasoma majani kwa kidole gumba. Kisha akajaribu kuipeleka begani. Kitako kilimpita kikaingia kwapani, mtutu ukaenda chini, na Arvil akaudaka kabla haujagonga sakafu.

"Mwenye hii ni jamaa mkubwa," Doyle akasema taratibu. "Namkumbuka."

Akamtazama kaka yake usoni, akangoja. Hata Nell aliacha kufuta kikombe. Maneno mawili yalikuwa tayari mdomoni mwa Arvil.

"Nitakipunguza kitako," akasema.

Akamshika mkono, akaukunja kwenye kiwiko, akapima. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa ndugu yake tangu ule mwaka, na alichoshika ni mfupa. Vidole vilikuwa vimejikunja, havinyooki tena; inchi moja na nusu zilikuwa zimepotea.

"Achana nayo, Arvil. Kaa. Kahawa ipo."

"Kazi ya siku moja tu. Kesho nakuletea."

"Ya nini? Nitampiga nani? Kaa chini, bwana."

"Kesho mchana," Arvil akasema, na bunduki alikuwa ameshaiweka begani.

Alikata, akachonga, akakipachika upya chuma cha kuziba mwisho wa kitako. Siku ya pili, saa sita mchana, alikuwa anapaka mafuta Oleta alipoingia, aproni kaikunja mikononi.

"Nell kapiga simu," akasema. "Doyle ametutoka, Arvil. Saa tatu asubuhi."

Arvil alimaliza kukaza skrubu aliyokuwa nayo. Kisha akachukua gobore na kuvuka daraja, kwa sababu alikuwa amesema ataleta.

Nell alikuwa kwenye mlango wa jikoni, macho mekundu. Arvil akasimama mbele yake na bunduki ile nzuri, fupi sasa, isiyomfaa mwanamume yeyote mzima wa bonde letu.

"Alishinda yeye," akasema. "Mwaka ule. Niliulegeza uzi kwa makusudi. Alishinda Doyle."

"Alijua. Alijua tangu siku ileile." Nell akajifuta uso kwa kiganja. "Jana ulipotoka alikataa nimgeuze kiti. Alishinda anatazama daraja. Sasa hayo, Arvil, unaniambia mimi ya nini?"